Mkenya asiyekimbia na umati wa Ally Pally

Ukiwa Mkenya Uingereza, swali la kwanza utakaloulizwa kazini ni la mbio. Unakimbia? Unatoka karibu na kina Kipchoge? Mimi nimekulia Murang'a, na kitu pekee nilichowahi kukimbiza ni matatu ya mwisho, lakini maelezo hayo hayamsaidii mtu. Kwao Mkenya ni miguu. Tangu Desemba 2025 swali limebadilika. Sasa mlinzi wa getini pale ghalani ninakofanya kazi ananiuliza kama namfahamu yule daktari wa ng'ombe.

Daktari mwenyewe ni David Munyua. Kazi yake ni kutibu mifugo, na ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika ubingwa wa dunia wa vishale (darts) wa PDC, shirika la wachezaji wa kulipwa. Mashindano hayo huanza Desemba na kuisha mwanzoni mwa Januari, katika jumba la Alexandra Palace, kaskazini mwa London, ambalo wenyeji huliita Ally Pally. Liko juu ya kilima, huku mtaani kwetu unaliona kutoka mbali. Lilifunguliwa 1873, likaungua siku 16 baadaye, likajengwa upya, na mwaka 1936 BBC ikaanza kurusha matangazo yake ya televisheni kutoka humo. Siku hizi ukipanda basi la kuelekea huko mwezi wa Desemba utabanana na mashabiki waliovaa kama mapadri, ndizi na koni za barabarani, wote wakiwa watu wazima wenye kazi zao za heshima.

Kwetu Kenya vishale ni mchezo wa klabu. Ubao uko ukutani kando ya kaunta, pembeni kuna kibao cha kuandikia hesabu kwa chaki, na aliyeshindwa ananunua raundi. Wazee niliowaona wakicheza nikiwa kijana walikuwa wanatoa hesabu kichwani haraka kuliko mhasibu wa sacco, hata baada ya chupa kadhaa. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kuishi kwa mchezo huo.

Kwa asiyeujua, mambo ni haya. Unaanza na alama 501 na unashuka hadi sifuri, na hiyo ndiyo legi moja. Unasimama mita 2.37 kutoka ubaoni, unarusha vishale vitatu, kisha unampisha mwenzako. Kipande cha 20 kiko juu kabisa, katikati ya 5 na 1, kwa hiyo mkono ukiyumba kidogo unaadhibiwa. Ukipiga ule ukanda mwembamba wa ndani, alama zinazidishwa mara tatu. Trebo tatu za 20 zinakupa 180, na ukumbi mzima unasimama. Lakini utamu, au uchungu, uko mwishoni. Kishale cha kumalizia ni lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda wa ukingoni, la sivyo hujamaliza. Unaweza kumzidi mtu alama mia mbili, ukabaki unaikosa dabo, naye akaja taratibu akafunga legi mbele ya macho yako. Legi tatu zinakupa seti. Raundi ya kwanza ni mbio za kufikisha seti tatu.

Munyua, aliyefuzu kupitia mchujo wa Afrika, alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji. Huyu si mtu wa kubahatisha. Mwaka 2024 alitwaa World Grand Prix, mashindano mengine makubwa ya vishale, kwa kumfunga Luke Humphries kwenye fainali, na Humphries wakati huo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Sisi tulitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, chumba cha mapumziko ghalani. De Decker akachukua seti ya kwanza. Akachukua ya pili. Mganda mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye hana adabu, akaniambia pole ndugu yangu, rudini kwenye mbio.

Kisha Daktari akachukua seti ya tatu, na pale ndipo Waingereza waliokuwa wanakula sandwichi zao kimya wakaanza kusogeza viti. Ya nne nayo ikawa yake. Kufikia seti ya tano msimamizi wetu alikuwa amesimama mlangoni, eti amekuja kutukumbusha muda umekwisha, na hakutukumbusha. Munyua alishinda 3-2. Yule Mganda alikuwa wa kwanza kupiga kelele, na hadi leo anasimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyemshauri Daktari aanze kuamka kwenye seti ya tatu.

Safari iliishia raundi ya pili, mbele ya Mholanzi Kevin Doets. Sikushangaa wala sikuhuzunika sana. Wachezaji kama Doets hurusha vishale karibu kila wiki dhidi ya walio bora duniani. Mtu mwenye ng'ombe wa kutibu hana wiki za namna hiyo. Lakini kwa kushinda mechi ile moja alijihakikishia pauni 25,000, zaidi ya shilingi milioni nne za kwetu kabla ya kodi. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu walizijumlisha, wakazigawa na kuzitumia usiku uleule. Mmoja alikuwa ameshamnunulia Daktari ploti Juja.

Kilichonikaa akilini zaidi ni ule umati. Ni Waingereza wachache sana waliokuwa wamewahi kulisikia jina la Munyua kabla ya siku ile, ila alipoanza kurudi mchezoni walimpokea kama mtoto wao. Nilidhani ni ukarimu. Siku chache baadaye mwenzangu wa zamu akapata tikiti ya ziada, nikaenda kujionea, na nikaanza kufikiri vingine.

Usiku ule Luke Littler alikuwa anacheza na Rob Cross raundi ya nne. Littler ni kijana wa Warrington. Alifika fainali ya Januari 2024 akiwa na miaka 16, akashindwa na Humphries 7-4, na nchi nzima ikampenda. Mwaka uliofuata alimfunga Michael van Gerwen 7-3 na kuwa bingwa mdogo kuliko wote waliowahi kutokea, miaka 17. Usiku ule alikuwa amerudi kutetea taji, na watu walewale walikuwa wanamzomea. Nasema walewale kwa sababu aliyekuwa meza yetu, mzee aliyevaa kanzu kama ya Papa wa Roma, aliniambia kwa fahari kwamba mwaka 2024 alilia Littler alipopoteza fainali. Jagi la bia mkononi, akamzomea hadi sauti ikakauka.

Kosa la kijana ni kushinda. Umati ule unampenda asiyetarajiwa. Ndivyo ulivyompenda Fallon Sherrock mwaka 2019, alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi katika ubingwa huu, na ndivyo ulivyompenda Daktari wetu. Mapenzi hayo ni ya kweli kabisa, hayana unafiki ndani yake, ila yana masharti, na sharti lenyewe ni kwamba usije ukazoea kushinda. Sisi tunaoishi hapa tunaijua hali hiyo hata nje ya ukumbi. Ukifika na begi moja kila mtu ana blanketi la kukupa. Ukipandishwa cheo juu ya wenyeji, salamu zinapungua.

Littler alishinda 4-2, na hakuwanyamazia. Akihojiwa jukwaani aliwaambia kwamba wao ndio wanaolipia tikiti, na tikiti ndizo zinazomlipa yeye, hivyo asanteni. Wazee wa kwetu wangesema kijana hana heshima. Mimi nilicheka, maana hesabu yake ni sahihi. Awali mashindano haya yalikuwa na wachezaji 96. Safari hii walikuwa 128 kwa mara ya kwanza, zawadi zote pamoja pauni milioni 5, bingwa akichukua milioni moja peke yake. Fedha hizo hazikushuka kutoka mawinguni. Tangu Littler atokee, watu wasiojali vishale wanatazama vishale. Kwa fikra zangu, zile nafasi za ziada ndizo zinazowafungulia mlango watu wa mbali kama Munyua, na sehemu ya bili inalipwa na huyu kijana wanayemzomea.

Fainali ya tarehe 3 Januari 2026 nisiieleze kwa urefu, kwa sababu haikuwa na urefu. Gian van Veen wa Uholanzi, aliyekuwa amemtoa Humphries robo fainali na mkongwe Gary Anderson nusu fainali, alichukua seti ya kwanza, tukakaa vizuri vitini. Littler akachukua saba mfululizo. 7-1. Nilikuwa sijamaliza chai. Ukiniuliza ubora, sijaona mtu akirusha vile. Ukiniuliza burudani, nitakurudisha kwenye simu iliyoegemea chupa ya maji.

Mashindano yajayo yanahamia ukumbi mkubwa zaidi ndani ya jumba hilohilo, kwa hiyo huenda tikiti zikapatikana kwa sisi tusio na majina. Kundi la WhatsApp limeshaanza mipango iwapo Daktari atafuzu tena. Tumekubaliana tutavaa kama ng'ombe, ng'ombe mmoja kwa watu wawili. Ubishi umebaki kwenye miguu ya nyuma, na yule Mganda amesema yeye ni kichwa au haendi.