Siku Moja Maishani Mwangu: Je, Ngisi Ana Uti wa Mgongo?

Saa 11:15 alfajiri. Nimeswali, nimekunywa chai, nashuka kuelekea feri ya Likoni na ndoo ya kifuniko mkononi. Leo Gredi ya 6 tunaanza kuainisha wanyama, na sitaki tuanze na picha za kitabuni. Mtoto wa Mombasa ameijua bahari kabla hajajua kusoma. Nikimletea simba wa kuchorwa pekee, nimemnyima anachokijua.

Saa 12:20. Soko la samaki, Mji wa Kale.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo yote hii, waalika wangapi leo?"

"Ni wanafunzi, ami. Hawaji kula, waja kusoma."

Akanichagulia samaki changu 2, kamba 12, ngisi 6 na pweza mdogo. Kaa akaniongeza bure, "wa watoto".

Saa 2:20. Magazeti juu ya madawati, vikundi 6. Agizo ni moja: wagawanyeni mnavyoona ninyi. Kundi moja wakapanga kwa bei. Msichana ambaye babake ni mvuvi akapanga wa mshipi, wa wavu na wa mkonjo, ile fimbo ya kuchomea. Pweza akakaa peke yake kwenye mkonjo. Sikumwambia amekosea, kwa sababu hakukosea. Makundi hufuata swali unalouliza, na swali la mvuvi ni namna ya kumpata mnyama. Ndipo nikaandika ubaoni swali la sayansi: nani ana uti wa mgongo?

Wakaanza kupapasa. Changu, ndiyo. Kamba, hapana. Kisha mvulana mmoja akachomoa mgongoni mwa ngisi kijiti chembamba, cha kung'aa kama plastiki, akakiinua juu. "Mwalimu, uti huu hapa!" Darasa zima likamuunga mkono.

Niliwanunua ngisi kwa ajili ya dakika hiyo. Nikampasua changu, nikawapitishia mgongo wake, nikawaambia wahesabu pingili, kisha watazame tundu ambamo hupita kamba ya neva itokayo kwenye ubongo. Halafu wakikamate tena kile kijiti. Kina pingili? Hakina. Kina tundu? Hakina. Mvulana akakigeuzageuza muda mrefu, akasema polepole, "Basi hiki ni nini?" Ni mabaki ya gamba. Ngisi ni moluska, ukoo mmoja na chaza na konokono, ila gamba lake limebaki ndani ya mwili. Pweza naye akahamia huko. Kamba na kaa wakaenda kwa arithropodi, kwa lile gamba la nje na miguu yenye viungo.

Saa 3:30. Sabuni, ndimu, na bado vidole vyanukia.

Mchana ulikuwa hesabu na kusahihisha madaftari.

Saa 9:40 alasiri. Msichana wa mvuvi ananisubiri mlangoni. "Mwalimu, na papa? Nyumbani twasema hana mfupa." Kweli, hana: mwili wake umeshikwa na gegedu, kitu kilaini kuliko mfupa, kama cha sikioni. Lakini pingili anazo, za gegedu hilohilo, kwa hiyo yumo kwenye wenye uti wa mgongo. Akatikisa kichwa, akaenda, akarudi: "Kwa hiyo si mfupa tunaoutafuta, ni pingili." Nilimwomba aseme hivyo kesho mbele ya wenzake.

Saa 3:00 usiku. Naandika kadi za kesho: kasa, pomboo, papa shilingi, jongoo bahari. Papa shilingi huzaa watoto hai, lakini hupumua kwa matamvua na hanyonyeshi: ni samaki. Kasa hutaga mchangani, hupumua kwa mapafu: ni mtambaazi. Pomboo ndiye watakayebishana juu yake, na nina kisa cha kuwapa. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa uainishaji huu, mwaka 1735 aliwaweka nyangumi na jamaa zake, pomboo wakiwemo, pamoja na samaki. Mwaka 1758 akawahamishia kwa mamalia, wanaonyonyesha.

Kile kijiti cha ngisi mvulana aliomba aende nacho. Alikikunja ndani ya karatasi ya daftari, akakitia mfukoni mwa shati, akaufunga mfuko kwa kifungo.