Siku Mkono Ulipokataa Kupanda

Nilikuwa nimelala chali juu ya meza nyembamba ya mashine ya CT, kifua wazi, tayari kupimwa kwa ajili ya mionzi, mkono wangu wa kushoto ulipogoma.

"Pandisha mikono yote miwili juu ya kichwa, mama, ushike hivi vishikio hapa nyuma," aliniambia mtaalamu wa mionzi, kijana mwenye sauti ya taratibu. Wa kulia ulikwenda bila maswali. Wa kushoto ulifika usawa wa bega, ukasimama. Nikausukuma. Kitu kikavutika kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, kama uzi wa gitaa unaokazwa kupita kiasi, nikapiga ukelele uliowashtua wote chumbani, mimi mwenyewe nikiwamo.

Ilikuwa wiki ya sita tangu upasuaji. Uvimbe wa saratani ya titi ulishatolewa, titi likabaki, na vijitezi vitatu vya kwapani vilivyokwenda maabara vilirudi na majibu mazuri. Kovu lilikuwa limefunga. Mimi nilidhani yangu nimeshamaliza, iliyobaki ni kazi ya mashine.

Ukweli ni kwamba yangu sikuwa hata nimeianza. Siku niliyoruhusiwa kutoka wodini nilipewa karatasi ya mazoezi, yenye mchoro wa mwanamke asiye na sura akipandisha vidole ukutani. Niliikunja, nikaitia kwenye droo. Nilikuwa nimeambiwa nisinyanyue vitu vizito. Mimi nikaelewa kwamba nisinyanyue mkono wenyewe. Basi wiki zote hizo niliuweka ubavuni kama mtu aliyeficha yai kwapani. Nilivaa mashati ya vifungo vya mbele, nilichana nywele kwa mkono wa kulia, na kila aliyenitembelea alinisifu kwa kujitunza. Hata nilipokwenda kuangaliwa kidonda, walitazama kovu, wakaridhika, nikaenda zangu. Hakuna aliyeniambia, "Hebu inua mkono tuone." Jambo hilo liliniudhi sana baadaye, ingawa ile karatasi ilikuwa kwenye droo yangu, si yao.

Kijana hakunilazimisha. Alivuta kigoda, akakaa usawa wa uso wangu. "Mama, ukivumilia leo kwa kuuma meno, utatetemeka. Nasi tutakuwa tumepima mtu anayetetemeka." Akanieleza kwamba jinsi nitakavyolala siku ya vipimo ndivyo nitakavyolazwa kila siku ya matibabu, bila kupishana zaidi ya milimita chache. Mkono ukishuka, titi nalo linahama. Tena mkono usiopanda unabaki kwenye njia ya miale, inayoingia kwa upande. Akanisaidia kuinuka, akanifunika, akaenda kuongea na daktari. Nikapewa wiki mbili.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na wazo moja tu: kwani lazima? Uvimbe umetoka, tezi ni safi, mionzi ya nini tena? Kesho yake nikampigia daktari nikamuuliza vilevile, bila hata kuzunguka. Hakukasirika. Aliniambia kwamba kisu huondoa kinachoonekana, na mionzi huzifuata zile seli ndogo za saratani zisizoonekana zilizobaki kwenye titi. Halafu akanipa hesabu, kwa kuwa ananijua ni mtu wa hesabu: uchambuzi uliotolewa mwaka 2011, wa wanawake zaidi ya 10,000 waliofanyiwa upasuaji wa kubakiza titi kama mimi, ulionyesha kuwa ndani ya miaka 10 saratani iliwarudia takriban 35 katika kila 100 wasiopata mionzi, na takriban 19 katika kila 100 walioipata. "Kwako wewe ambaye tezi zako ni safi, hatari iko chini kidogo ya hapo," alisema, "lakini sitakuambia uache." Hapo nikaenda kufungua droo.

Mtaalamu wa viungo alinipapasa kwapa kwa vidole viwili, akaupata ule uzi mara moja. Akanishika kidole, akanifanya niuguse mwenyewe. Ulikuwepo kweli: kamba nyembamba chini ya ngozi, ngumu, iliyoinuka kila nilipounyoosha mkono. Alisema hutokea kwa wengi waliotolewa tezi za kwapani, na inadhaniwa ni vijia vya limfu, yaani vya majimaji ya mwili, vilivyokakamaa. "Hii si mshipa wa kukatika ukafa," alisema huku akicheka, kwa sababu hilo hasa ndilo nililokuwa nimeliogopa. Nikaondoka na mazoezi mawili tu: kupandisha vidole ukutani, na kulala chali nimeshika mpini wa fagio kwa mikono miwili, nikiupeleka taratibu nyuma ya kichwa.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta penseli. Kila jioni nilisimama mbele ya ukuta wa sebuleni, vidole vikatambaa juu kama kaa anayepanda mwamba, na pale vilipogoma yeye akachora mstari. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu changu. Wa siku ya tatu ulikuwa juu ya ule kwa upana wa kucha, nikamwambia asijisumbue kuuchora. Akauchora. Siku ya tano mkono ulirudi chini, mstari ukawa chini ya wa jana yake, na huo pia akauchora, mkaidi kama alivyozaliwa.

"Dada, kwani ukishapigwa hiyo mionzi utatuambukiza?" aliniuliza siku moja, penseli mdomoni. Nikamwambia mionzi inayotoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Alionekana kama aliyetarajia kitu cha kusisimua zaidi.

Kulikuwa na somo la pili. Titi langu ni la kushoto, na nyuma ya titi la kushoto kuna moyo. Nilitakiwa kujifunza kuvuta pumzi ndefu na kuishikilia kama sekunde 20, kwa sababu mapafu yakijaa hewa, moyo husogea mbali na ukuta wa kifua, na miale hupita mbele yake. Nikawa nafanya hivyo nikiwa nimelala, macho kwenye saa ya ukutani. Siku za mwanzo nilishindwa kwenye sekunde ya 12, si kwa kukosa hewa bali kwa kicheko. Mdogo wangu alikuwa akihesabu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Usiku wa kumi, mpini wa fagio ukiwa umepita usawa wa paji la uso, nikasikia kwapani *tap!* Kama uzi wa nguo unapokatwa kwa meno. Nilibaki nimeganda, nikingoja maumivu ambayo hayakuja. Nikausukuma mpini kidogo, ukaendelea. Nikausukuma tena, ukagusa mto nyuma ya kichwa changu. Asubuhi nilimpigia mtaalamu wa viungo kabla hata hajafika kazini. Akasema kamba hizo wakati mwingine huachia hivyo, haidhuru, endelea. Jioni ile mdogo wangu alilazimika kupanda kiti ili achore mstari.

Nilirudi kwenye mashine ya CT siku ya kumi na nne. Kijana yuleyule. Hakuuliza kitu, alionyesha tu vile vishikio kwa kidevu, na mikono yote miwili ikaenda. Nafikiri nilimwona akitabasamu, ila nilikuwa nimelala chali na yeye alikuwa amesimama upande wa kichwa changu, kwa hiyo huenda alikuwa anapiga miayo.

Yaliyofuata yalikuwa ya ufundi na marefu. Wakanibandika waya mwembamba juu ya kovu kwa plasta, na mwingine kuzunguka titi, ili vionekane kwenye picha. Mistari ya mwanga ikatoka ukutani na darini, ikakutana juu ya kifua changu, nao wakanisogeza kwa kuvuta shuka niliyolalia, huku wakinisihi nisiwasaidie. Kisha wakatoka wote. Sauti ikasema kwenye spika: vuta pumzi, shikilia. Nikahesabu kimoyomoyo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilifika 19 waliponiambia achia.

Mwishoni wakanichoma nukta tatu za wino, kila moja kama kichwa cha pini: moja katikati ya kifua, moja kila ubavu. Ndizo watakazozilenganisha na ile mistari ya mwanga kila siku. Ya katikati iliuma kuliko nilivyoambiwa. Kijana akanieleza ratiba: gray 40 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa kwa siku 15, wiki tatu, Jumamosi na Jumapili kupumzika. Zamani, alisema, ingekuwa gray 50 kwa wiki tano. Majaribio yaliyofanyika Uingereza ndiyo yaliyofupisha safari. Sasa picha zangu zingekwenda kwa wataalamu wa kupanga dozi, nami ningeitwa baada ya siku kadhaa. Sabuni isiyo na manukato, nguo zisizobana, wembe nisiuguse kwapani.

"Tumemaliza, mama. Shusha mikono."

Wa kulia ulishuka. Wa kushoto haukushuka. Ulikuwa umekaa juu zaidi ya nusu saa, ukafa ganzi mpaka kwenye vidole. Nilikuwa nikiuamuru kama mkono wa mtu mwingine. Kijana akanitazama, nami nikamtazama, tukaanza kucheka wote wawili hadi mwenzake akachungulia kutoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Ilibidi niushike kwa mkono wa kulia, niushushe polepole, kama mzigo unaoteremshwa kutoka darini.