"Sahani zipi, mwanangu?"

Tangu Jumatatu sijatulia. Baba alinipigia simu kutoka Kyela baada ya kupimwa damu, siku chache tu tangu amalize dawa za malaria, akanisomea majibu polepole mpaka akafika palipoandikwa kwamba chembe sahani zimepungua, kisha akauliza, "Sahani zipi, mwanangu?" Nikacheka. "Si za kulia, baba," nikamjibu. Akasema, "Haya," akakata simu.

Wiki hii tumehamia Uyole na Neema amepata kipaimara, lakini kila ninapoinamia hadubini hulisikia lile "haya" lake. Mtu aliyeuza ng'ombe wawili ili nisomee maabara hakustahili kuchekwa kwa neno tulilolibuni sisi tuliosoma. Isitoshe, swali lake lilikuwa la haki: chembe sahani, yaani vipande vidogo ndani ya damu vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho ulio ndani ya mifupa, kweli vina umbo la visahani, huishi siku 8 hadi 10 tu, na mtu mzima mwenye afya huwa navyo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila milimita ya ujazo ya damu. Yeye alikuwa na 96,000, upungufu ambao malaria huuleta mara nyingi.

Jana nilimpigia, nikamwomba radhi, nikamweleza. Chembe nyekundu alizijua tangu mama alipopungukiwa damu, kwamba ndizo zinazobeba oksijeni. Kuhusu nyeupe nilimwambia kwamba baadhi humeza vijidudu na nyingine hutengeneza kingamwili, akaridhika. Tukakaa kwenye sahani. Nilipomweleza kwamba mshipa ukikatika chembe hizo hushikamana pale na kuziba tundu, kisha nyuzi za protini zikasukana juu yake zisibanduke, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni kama tuta la jaruba likibomoka. Udongo peke yake maji huuchukua. Sharti uuchanganye na majani." Miaka 11 nimezihesabu chembe hizi bila kupata mfano unaozienea namna hiyo, na nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga.

Alikata simu kwa haraka, safari hii kwa sababu wingu lilikuwa limetanda upande wa ziwa na kakao yote ilikuwa imeanikwa uani. Kaka yuko Tunduma hadi Jumapili, na sijui ni nani aliyemsaidia kuianua.