Kabla ya Kubadilisha Altaneta ya Gari la Zamani
Gari langu la zamani linapoacha kuchaji, kifaa cha kwanza ninachoshika ni mita ya volti, si spana. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, na injini ikiwaka usomaji hupaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, ukivuka 15, kidhibiti volti ndicho cha kushukiwa.

Usomaji usipopanda, usikimbilie kulaumu altaneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Katika magari mengi ya zamani, mkondo unaopita kwenye balbu ndogo ya taa ya chaji ndio unaoiamsha altaneta, hivyo balbu ikiungua altaneta nzima huonekana mbovu. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa isipowaka, anzia hapo.

Kisha njoo kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye terminali hasi ya betri. Injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwa zimewashwa, mimi hugusisha ncha moja ya mita kwenye kasha la altaneta na nyingine kwenye terminali hasi ya betri. Tofauti ikikaribia nusu volti, kuna kutu kwenye waya au boliti zake. Mkanda unaoizungusha altaneta, ukilegea, mara nyingi hujitangaza kwa kelele. Mtindo wa kung'oa terminali ya betri injini ikiwaka, eti kuipima altaneta, naupinga kabisa, kwani huweza kuunguza dayodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu.