Jumatano ya soko Machynlleth

Saa 10 alfajiri. Sambusa nilizikunja jana, unga wa maandazi umeshaumuka. Naishi Shrewsbury, upande wa Uingereza, lakini meza yangu ya Jumatano iko Machynlleth, mji mdogo wa Wales kwenye bonde la mto Dyfi, jirani na milima ya Eryri.

Saa 11 na nusu niko barabarani. Ukishapita Welshpool ni kona juu ya kona, na ukiangukia nyuma ya trekta, tulia tu. Kuanzia Mallwyd milima inakubana huku na huku.

Saa 1 nafunga turubai mtaa wa Maengwyn. Ruhusa ya soko hili ilitoka kwa Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1291, na hadi leo siku yenyewe ni Jumatano. Kushoto kwangu jibini, kulia miche ya mboga. Upepo ukivuma tunashikiana nguzo.

Saa 3 hadi saa 6 sipati hata nafasi ya kunywa chai yangu mwenyewe. Wazee wanasimama katikati ya njia wakipiga soga kwa Kiwelisi: bei ya kondoo, mvua, nani kalazwa. Mimi nina “bore da” (habari za asubuhi), “diolch” (asante) na hesabu mpaka kumi, vinatosha kuuzia. Mzee mmoja mfugaji humwagia sambusa sosi ya nyanya mpaka haionekani. Hela ni yake.

Wageni wa milima utawajua kwa viatu. Wananunua mbili za kuweka begini, wanauliza njia ya Cadair Idris, hao! Mlima ule wa mita 893 kesho utakuwepo palepale. Soko hadi wiki ijayo, lakini nani awaambie?

Saa 7 pametulia. Jirani wa jibini ananiangalizia meza, nami natembea hadi jengo la kumbukumbu ya bunge la Owain Glyndŵr, Mwelisi aliyewaasi Waingereza na kukutanisha bunge mjini hapa mwaka 1404. Narudi kupitia mnara wa saa, uliojengwa miaka ya 1870 kumsherehekea kijana wa kitajiri kutimiza miaka 21. Pesa ilikuwepo.

Saa 9 mvua. Nakunja turubai, na bibi mmoja anakuja mbio na mwavuli: wiki ijayo anataka sambusa ishirini, za mboga, pilipili kidogo. Analipa kabisa. Naandika mkononi, karatasi zote zimelowa.