Gari la njano

Naandika nikiwa nimekaa kizingitini mlango wa nyuma, godoro la mwanangu limeegemezwa ukutani linakula jua. Majirani zangu hapa Segerea, Dar es Salaam, wameshalizoea. Utotoni kwetu Tanga godoro likianikwa hivi mtaa mzima ulikuwa unajua, na watoto wa rika lako wanakuja kukuimbia kikojozi mpaka unatamani ardhi ipasuke. Huyu wangu, Hamadi, ana miaka miwili na miezi minne. Kila akipita anasimama, analisalimia godoro lake, "Mambo," kisha anaendelea na safari.

Habari yenyewe ilianzia kwenye hela. Usiku mmoja Baba Hamadi alipiga hesabu nyuma ya karatasi: pampasi nne kwa siku, 600 kila moja kwa Mangi mwenye duka la mtaani, maana sisi tunanunua moja moja kama vocha. Kwa siku 2,400. Kwa mwezi 72,000. Akaiweka ile karatasi juu ya friji, hakusema neno. Nikamwelewa.

Basi nikafanya kama mama yeyote wa siku hizi mwenye bando: nikauliza simu. Simu ikaniambia siku tatu zinatosha kumwachisha mtoto pampasi. Unavua pampasi Ijumaa, mnajifungia ndani, kila baada ya dakika 20 unampeleka mtoto kwenye poti, Jumatatu unarudi kazini na mtoto msafi. Nikaomba ruhusa ofisini nikisema naumwa (nilikuja kuumwa kweli Jumapili). Nikashuka Kariakoo nikanunua poti ya njano yenye umbo la gari, ina usukani na honi. Muuzaji alinihakikishia kwamba mtoto akiiona tu anakaa.

Alikaa, hilo silikatai. Alikaa akawasha gari, akapiga honi, akabeba abiria, mwanasesere mmoja na kijiko, akaenda mpaka jikoni na kurudi. Alipoona mkojo unakuja akashuka kwenye gari, akakojoa pembeni kama dereva wa lori barabara ya Morogoro, akapanda tena. Hadi Jumapili jioni nilikuwa nimefua kaptula 31 na nimekunja zulia nikalisimamisha chumbani. Mikojo iliyoingia kwenye poti ilikuwa miwili, na mmoja kati ya hiyo uliingia kwa ajali, kwa kuwa alikuwa kwenye mwendo.

Hata hivyo mkojo haukuwa shida kubwa. Wiki ya pili alianza kusema, ingawa alisema baada ya tukio: "Mama, nimekojoa," huku amesimama kwenye dimbwi kama mkaguzi. Dada wa kazi akawa anatembea na dekio mkononi. Shida ilikuwa haja kubwa. Hiyo hakutaka kabisa kuitoa bila pampasi. Ikimbana anakuja kunivuta gauni: "Pampa. Vaa pampa." Nikikataa anaibana. Mara ya kwanza aliibana siku mbili. Mara ya pili siku nne, tumbo likawa gumu kama ngoma, na alipopata alilia mpaka nikalia naye. Muuguzi wa kliniki aliniambia jambo ambalo nilitamani nilijue mapema: mtoto akibana, choo kinakauka na kuwa kigumu, kikitoka kinamuumiza, akiumia anaogopa, akiogopa anabana zaidi. Mrudishie pampasi yake, akasema, mpe papai na maji ya kutosha, na usimgombeze. Nikarudi kwa Mangi kichwa chini.

Katikati ya hayo kuna siku ya daladala, ambayo nisipoisimulia dada yangu atakuja kuisimulia vibaya. Tulikuwa tunatoka Kariakoo, gari limejaa, Hamadi nimempakata, kavaa kaptula tu kwa sababu mama yake alikuwa amejiamini. Tulipofika Tabata nikahisi joto pajani. Lile joto linakuja taratibu, la kirafiki, na unalijua kabla hujaangalia. Likanipita mimi, likapita siti, likamfikia mzee mmoja wa kanzu nyeupe aliyekaa dirishani. Mzee akaangalia chini, akaniangalia mimi, akamwangalia Hamadi ambaye alikuwa anatabasamu. Nikasema, "Shikamoo babu, naomba unisamehe." Akajibu, "Marahaba. Mkojo wa mtoto, mwanangu, utafuliwa." Konda ndiye aliyelalamika, na yeye hata tone halikumgusa.

Mwezi uliofuata akaja Mama kutoka Tanga. Alishuka kituo cha mabasi cha Magufuli na mfuko wa nazi na mihogo, na kabla hajavua mtandio akawa ameshaliona gari la njano.

"Hiki nini?"

"Poti, Mama. Ya kumfundishia choo."

Akalipiga honi. "Mmemnunulia gari, mnataka alinyee?"

Mama ni Mdigo wa upande wa Moa, Wilaya ya Mkinga. Kwake yeye mtoto wa miaka miwili mwenye pampasi ni sawa na mtu mzima anayelishwa uji. Sisi wote saba, anasema, tulianza kufundishwa kabla hatujajua kukaa. Unakaa chini, unanyoosha miguu, kichanga unamweka katikati mgongo wake ukikuegemea, unamwambia "shwiii" mpaka atoe. Kwa haja kubwa unamgeuza akutazame, unamkalisha miguuni pako. Kila akiamka, kila akinyonya, "shwiii". Nilidhani anatia chumvi, kama anavyotia kwenye habari zote za ushujaa wake. Usiku nikaitafuta na kuikuta: mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha makala kuhusu Wadigo hawahawa, na hiyohiyo "shwiii". Walianza wiki za mwanzo, na watoto wa miezi mitano au sita walikuwa wakavu usiku na mchana. Asubuhi nikamsomea Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wazungu ndio walisafiri kuja kutazama hilo?" Akaendelea kukuna nazi.

Nilijaribu kujitetea. Wakati huo mama alikuwa na mtoto mgongoni kutwa, anamjua hata akikunja uso. Mimi likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, baada ya hapo nilikuwa kwenye foleni ya asubuhi na maziwa yakinilowanisha blauzi, na dada wa kazi hakuajiriwa kukaa chini amenyoosha miguu akipiga mluzi. Mama hakubishana. Alisema neno moja tu ambalo mpaka leo linanizunguka: "Lakini ninyi pia mmemfundisha. Miaka miwili mmemfundisha kwamba choo chake anakivaa kiunoni. Kakishika vizuri. Sasa mnamtoa chooni kwake, na yeye anashangaa kakosa nini."

Siku mbili za kwanza hakufanya kitu, alimtazama tu. Siku ya tatu akaniita kwa ishara ya kidole. Hamadi alikuwa amejificha nyuma ya pazia la sebuleni na pampasi yake, mahali pake pa siku zote, miguu tu inaonekana kwa chini. "Tazama visigino," Mama akaninong'oneza. Nikatazama. Visigino vilikuwa vimegusa chini, magoti yamekunjwa, pazia limevutwa na ngumi mbili. Alikuwa amechuchumaa. Wiki zote hizo mtoto anachuchumaa mwenyewe nyuma ya pazia, na mimi namkalisha kwenye gari.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kiko uani, tunachangia na familia ya mwenye nyumba. Hamadi alikuwa haingii kwa kuogopa lile tundu, na ukichuchumaa kwa urefu wake unamwelewa. Mama akaziba tundu kwa kipande cha ubao, akaweka matofali mawili, akatandika pampasi iliyofunguliwa katikati yake kama mkeka. Sheria ikawa moja: pampasi unayo, hatukunyimi, ila inakaa huku. Siku mbili za mwanzo aliivaa na kusimama humo chooni ameikumbatia miguu ya bibi yake. Siku iliyofuata akakubali ifunguliwe upande mmoja. Mama hakuharakisha chochote. Alikaa na kigoda mlangoni, anachambua mchicha.

Siku ya nane akapita Iddi, mtoto wa mwenye nyumba, ana miaka mitano na mambo mengi ya kufanya. Akamkuta Hamadi amesimama juu ya matofali hajui la kuamua. Iddi akamwambia, "Pisha, mimi nimebanwa," akatoa ubao, akasogeza tofali kwa mguu, akachuchumaa akamaliza, akajitawaza, akaondoka. Dakika moja na nusu. Hamadi aliinama kutazama kile kilichotokea tunduni kwa makini ambayo sijawahi kuyaona. Kisha akachuchumaa palepale, bila ubao, bila pampasi, ameshika vidole viwili vya bibi yake. Mama akasema "shwiii" kwa sauti ya chini. Nilikuwa kwenye kamba naanika, nguo mdomoni, nikaganda. Kimba kikaanguka. Hamadi akakiaga, "Baibai."

Mama amesharudi Tanga. Kila asubuhi Hamadi anadai simu ya video ili amwoneshe bibi kazi yake, na mara moja simu nusura ifuate huko huko. Mchana siku hizi mambo ni mazuri, usiku ndiyo hivi, godoro na jua, na kliniki wameniambia la usiku nisilihangaikie kwa umri wake. Poti ya njano iko uani, inabeba mchanga.

Mimba ya wa pili ina miezi saba sasa. Mama amesema safari hii atakuja kabla ya arobaini, na nisinunue hata pampasi moja. Nimeitikia. Ziko paketi mbili juu ya kabati, nyuma ya begi la Baba Hamadi.