Siku moja maishani mwangu: mihogo ya Butula na majina yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tumeshatoka Maseno kuelekea Butula, Busia. Kazi yangu ni ya maabarani, kulinganisha DNA ya mihogo ili kujua majina yapi ni ya mmea mmoja na yapi si, lakini siku ya kukusanya majani simwachii mtu.

Saa moja na nusu. Nyanya mwenye shamba anatutembeza mstari kwa mstari. "Huu ni Magana, mjukuu wangu. Ule wa kule pia ni Magana, lakini si Magana wa mama mkwe wangu." Naandika yote alivyosema, pamoja na rangi ya kikonyo na umbo la jani. Yeye ameuona muhogo huo ukikua, ukivunwa na kuliwa, na habari hizo hazitoki kwenye mashine yoyote. Kisha nachuma jani changa la kileleni, ambalo halijafunguka vizuri. Likikomaa, DNA hutoka chafu na yenye utelezi. Linaingia kwenye bahasha, na bahasha kwenye mfuko wenye chembe za silika za kulikausha.

Njiani dereva ananiuliza shida yote hii ni ya nini. Namweleza kwamba muhogo hupandwa kwa pingili, kwa hiyo mmea mmoja huweza kuenea nchi mbili tatu bila kubadilika, huku ukipewa jina jipya kila unakofika. Migyera tunaoupanda huku ndio Nase 3 wa Uganda, na ndio TMS 30572 wa watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, kule Ibadan, Nigeria. Ukinzani wake dhidi ya batobato, ugonjwa wa virusi wa majani ya muhogo, una asili yake Amani, Tanga, ambako miaka ya 1930 muhogo ulichanganywa na jamaa yake wa porini. Kinyume chake pia hutokea. Mche huota wenyewe kutokana na mbegu iliyodondoka, mkulima akaupenda, akauita kwa jina la jirani yake shambani. Basi mama aliyelipia vipandikizi vinavyostahimili ugonjwa akapewa vingine, atajua msimu ukishapita. Hilo linaniuma sana.

Saa tano. Majani ya leo yanaachwa yakauke; nashika ya wiki iliyopita. Nayasaga, nayaloweka kwenye CTAB, dawa ya kupasua seli na kuitoa DNA, kwa joto la nyuzi 65, nayasafisha kwa kloroformu. Nikitia alkoholi baridi na kuupindua mrija polepole, nyuzi nyeupe zinajikusanya ndani ya maji. Hiyo ndiyo DNA, unaiona kwa macho.

Saa nane. Sampuli zinaingia kwenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha DNA mara nyingi, ile ambayo kila mtu aliisikia wakati wa Korona. Tunalenga sehemu ambazo herufi za DNA hujirudia, GA-GA-GA. Muhogo mmoja unaweza kurudia mara 12, mwingine mara 17, na urefu huo ndio alama yetu. Muhogo una kromosomu 36 katika jozi 18, hivyo kila alama huonyesha mstari mmoja au miwili kwenye jeli.

Saa kumi na moja. Jeli ya poliakrilamaidi, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake, imeshatiwa rangi. Sampuli mbili za kijiji kimoja, zote zimeandikwa Magana, zinapishana kwenye alama tatu. Nitarudia kwa DNA mpya ya majani yale yale. Zikipishana tena, ni mimea miwili tofauti, hakuna mjadala. Kama zingelingana kwenye alama hizo tatu nisingesema ni mmea mmoja, maana hata mihogo isiyohusiana huweza kulingana kwenye alama chache. Hapo inabidi kuongeza alama nyingine nyingi. Mmoja kati ya mihogo hii miwili ya Magana una mstari ambao sijauona kwenye sampuli nyingine za msimu huu. Huo nautaka utunzwe, hata kama mavuno yake ni madogo, kwa sababu aina kama hiyo ikipotea shambani haturudishiwi na mtu.

Kabla ya kufunga mlango nampigia afisa wa kilimo wa wadi. Mafungu ya vipandikizi ya mashamba hayo mawili yasichanganywe, na kila fungu libaki na jina la mwenye shamba hadi majibu yatoke.